Kutoa sinki la bafuni na kabati lake bila kuvunja kitu

Wadau, kama unataka kutoa sinki la bafuni na kabati lake halafu uje uvitumie tena, adui yako wala sio skrubu, ni silikoni, ile gundi ya kuziba mianya ya ukingoni. Sinki langu la kwanza lilipasuka kwa sababu hiyo, nilikuwa nimeshafungua kila kitu, nikaona bado limeng'ang'ania, nikachomeka bisibisi chini ya ukingo nikabinua, nikasikia tu "ta!", ufa umetoka ukingoni mpaka kwenye tundu la maji. Kauri haipindi, ukiilazimisha sehemu moja inapasuka. Mpaka leo inaniuma.

Siku hizi naanza hivi: nafunga koki mbili za chini ya sinki, halafu nafungua bomba la juu nione kama maji yamekata kweli, maana koki iliyokaa miaka haijaguswa mara nyingi haifungi vizuri, na yakiendelea kutiririka nenda kafunge koki kubwa ya nyumba. Weka beseni chini. Unapolegeza nati za zile paipu za mpira, shika koki yenyewe kwa spana nyingine, kwa sababu ikizunguka pamoja na nati unaweza kukata bomba lililo ndani ya ukuta na hapo umeshajitafutia kazi nyingine kabisa. Ile paipu ya maji machafu iliyopinda, kama nati zake ni za plastiki mara nyingi zinafunguka kwa mkono, ndani kuna maji yamekaa, hayo ndiyo yanayozuia harufu ya choo isipande, kwa hiyo ukishaitoa ziba tundu la ukutani na kitambaa.

Sasa silikoni. Kata kwa kisu chembamba chenye makali, pale sinki linapogusana na ukuta, halafu kati ya sinki na kabati, taratibu, rudia mara mbili tatu. Kisu kisipofika napitisha mshipi wa kuvulia samaki, ncha zake nazifunga kwenye vijiti viwili usije ukanikata vidole, nauvuta huku na huku kama msumeno. Chungulia na kwa chini, masinki mengine yana vibano. Likianza kucheza ndio mnyanyue, watu wawili, mlilaze juu ya blanketi, na msilibebe kwa kushika bomba jamani.

Kabati ni rahisi zaidi. Toa droo na milango, linakuwa jepesi na unaziona skrubu zilizolishika ukutani, mara nyingi ziko kwenye ubao wa nyuma kwa juu. Kata silikoni ya ubavuni na ya chini kwenye tailizi, halafu livute linyooke kuja kwako, usiliinamishe, maana paipu zimepita kwenye matundu ya ubao wa nyuma na ule ubao ni mwembamba, unavunjika upesi. Skrubu zote natia kwenye kimfuko nakibandika kwa selotepu ndani ya droo.