Udi wa babu unasikika barazani, gitaa langu kimya

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gitaa la umeme, na nyumbani tumeachiwa udi wa babu, ile ala ya nyuzi yenye tumbo. Nikipiga gitaa bila kulichomeka kwenye spika, hata aliyekaa kando yangu halisikii vizuri. Udi nikigusa uzi mmoja tu, watu wa barazani wanageuka. Nyuzi za gitaa ni chuma, za udi ni nailoni. Je, siri ni nailoni? Nikiifunga kwenye gitaa itakuwaje? Pia uso wa udi umepauka, nataka kuupaka vanishi.
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kandamiza kichwa cha gitaa lako kwenye mlango wa kabati la mbao, kisha ulipige. Sauti itapanda papo hapo, na nyuzi ni zile zile. Kilichoongezeka ni ubao.

Uzi peke yake ni mwembamba mno kuisukuma hewa. Ni sawa na kujipepea kwa chelewa moja. Kazi yake ni kuamua sauti iwe nene au nyembamba. Uzi wa gitaa unaotoa noti ya A hutikisika mara 110 kwa sekunde. Ubane kwenye freti ya 12 (vile vipande vya chuma vya shingoni), nusu ya urefu wake, unapata 220. Ukitaka kufika hapo kwa kuukaza tu, mkazo lazima uwe mara nne, na uzi utakatika kwanza. Za besi huvingirishwa waya ziwe nzito, maana ukilegeza uzi mwembamba mpaka besi, unalegalega tu.

Sasa udi. Nyuzi zake zimefungwa kwenye daraja lililogundishwa usoni, na uso wenyewe, yaani ubao wa mbele, una unene wa milimita 2 hivi. Uzi ukitikisika, daraja linautikisa uso, na uso mzima unaisukuma hewa. Gitaa lako ni ubao mzito, mtikiso mdogo wa uzi hauushughulishi. Limefanywa hivyo makusudi: magitaa yenye tumbo yakipigiwa karibu na spika kubwa hupiga mluzi, kwa sababu sauti ya spika hurudi kuutikisa uso. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza ya ubao mtupu mwaka 1950. Faida yake ni kwamba uzi haunyang'anywi nguvu haraka, kwa hiyo sauti hudumu. Udi hutoa yote mara moja, kisha kimya. Ndiyo maana mkono wa mpiga udi hautulii.

Nailoni kwenye gitaa la umeme usijisumbue nayo. Gitaa hilo "husikia" kwa sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba: chuma kikitikisika juu yake, umeme unazalika na kwenda kwenye spika. Sumaku haina habari na nailoni. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukifunga nyuzi za chuma za gitaa kwenye udi, mkazo unaweza kuling'oa daraja.

Na vanishi, nakuomba sana, weka brashi chini. Nyudi ngapi nimeona zimeng'arishwa kama kabati la vyombo, zikawa na sauti ya kabati la vyombo! Rangi nzito huongeza uzito na ugumu pale ambapo fundi wa kwanza alihangaika kupunguza. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kisha jaribu kupitisha ncha ya karatasi chini ya daraja; ikipenya, gundi imeanza kuachia. Legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo, umpelekee fundi wa ala, si wa samani.