Hadithi bure, upanga kwa bahati

SWALI: Shikamoo dada. Niko Uyole, Mbeya, nacheza Final Fantasy VII: Ever Crisis kwenye simu. Hadithi imenikolea, ila adui mmoja ananishinda. Ninunue fuwele, yaani pesa za mchezoni, nipate silaha?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Mchezo huo wa 2023 unasimulia upya hadithi ya Final Fantasy VII ya 1997 sura kwa sura, bure. Kinachouzwa ni bahati. Unalipa, unachota silaha kama bahati nasibu, na uliyoitaka huenda isitoke. Mimi niliteketeza hela ya gunia la viazi nililouza Mwanjelwa, usiku mmoja tu, nikaambulia upanga niliokuwa nao tayari. Iliniuma. Fanya kazi za kila siku za mchezoni, udunduize fuwele za bure. Na sehemu ya ujana wa Sephiroth, adui mkuu wa hadithi, usiiruke. Hapo ndipo utamu ulipo.