Maswali ya Wasomaji: Vumbi na Manyoya ya Paka Ndani ya Kompyuta

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja: kompyuta za mezani zinazonguruma, kuchemka na kuzimika zenyewe. Nyingi ya mashine hizo si mbovu, zimekosa hewa tu.

Fundi, nina paka wawili na mahali wanapopapenda ni juu ya CPU, yaani lile boksi la kompyuta, kwa sababu ya joto. Juzi nimeifungua nikakuta manyoya kila kona. Nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

Dada, paka wabaki, ila wahamishwe hapo juu. CPU nyingi huvuta hewa kwa mbele na kuitoa nyuma, nyingine hutolea juu. Paka akiyalalia matundu ya juu, joto halina pa kwenda.

Manyoya ni mabaya kuliko vumbi tupu. Yanajisokota kwenye mhimili wa feni, kisha yananasa kati ya vile vibati vyembamba vya alumini vilivyo juu ya prosesa, ile chipu ambayo ni ubongo wa kompyuta. Vumbi linalofuata linashikana nayo, na baada ya miezi kadhaa unasikia feni inapiga kelele sana wakati hewa haipiti kabisa.

Anza kwa kuinua CPU kutoka sakafuni, hasa kama chumba kina zulia, maana manyoya hujikusanya chini. Stuli ya kawaida inatosha. Kisha chukua soksi ndefu ya nailoni, ile nyembamba ya kike, ukate kipande, ukivute kibane mbele ya matundu ya kuingizia hewa na ukishike kwa selotepu pembeni. Hakikisha hakigusi feni. Kila wiki mbili kitoe, ukifue, ukianike kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Nyuma usiweke kitu. Paka nao uwachane manyoya nje ya nyumba, na uwatandikie pahali pengine penye joto. Wakipata pazuri zaidi watahama wenyewe.

Nimeongeza feni mbili nyuma za kutoa hewa ili mashine yangu ya gemu ipoe. Mbona vumbi limezidi? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu sasa unatoa hewa nyingi kuliko unayoingiza. Hewa iliyotoka lazima ifidiwe, basi CPU inainyonya kupitia kila upenyo: tundu la USB, kiungo cha mfuniko, nafasi za kadi kwa nyuma. Huko kote hakuna chujio.

Geuza hesabu. Feni za kuingiza ziwe na nguvu zaidi kidogo kuliko za kutoa, na zote za kuingiza ziwe nyuma ya chujio. Hapo hewa iliyochujwa inajaa ndani na kusukumwa nje kupitia hizo penyo, na vumbi linashindwa kuingia. Wengi wanatafuta spreyi na vifuniko vya bei wakati dawa ni kugeuza feni moja tu. Tazama kishale kilichochorwa ubavuni mwa feni, kama kipo, kinaonyesha upepo unakoelekea. Kama hakipo, upepo kwa kawaida hutokea upande wenye fremu inayoshikilia mota.

Mimi hufunika kompyuta kwa kitambaa cha kudarizi. Mume wangu anasema naiua. (Msomaji, Morogoro)

Ikiwa imezimwa, funika bila wasiwasi, unaikinga vizuri. Ikiwa imewashwa, mume wako yuko sahihi: toa kitambaa chote, si kukipandisha nusu. Na kama umeiacha imelala tu bila kuizima, usifunike, kwa sababu inaweza kuamka yenyewe.

Jirani yangu ni fundi pancha, ana kompresa. Nimpelekee aipulize? (Msomaji, Dodoma)

Nakusihi usifanye hivyo. Tangi la kompresa hukusanya maji, na mashine nyingi hutoa na mafuta pamoja na upepo. Ukipuliza madabodi, lile bao kuu la ndani, kwa mchanganyiko huo, vumbi litakalokuja litaganda.

Tafuta blowa ndogo ya umeme ya mkononi, au brashi laini mpya ya rangi ikiwa mfuko hauruhusu. Zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki. Itoe nje ya nyumba, funga barakoa, gusa chuma cha boksi lake kabla ya kugusa ndani. Unapopuliza, zuia feni kwa kidole. Ukiiacha izunguke kwa kasi ya blowa utaharibu beringi zake, na inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi.

Pawa saplai, kile kiboksi kinachopokea umeme wa ukutani, ipulize kupitia matundu yake, usiifungue kamwe. Kapasita zake, yaani vifaa vya kuhifadhi umeme, hushikilia umeme hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua mtu. Kwa vumbi la kiangazi cha Dodoma, ningeikagua kila mwezi.

Nimesafisha vizuri, sasa haionyeshi kitu, inalia pip, pip, pip. (Msomaji, Kisumu)

Mara nyingi ni RAM, kile kibao cha kumbukumbu, imelegea. Chomoa waya wa umeme, itoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa mabaki, kisha irudishe na uikandamize mpaka usikie vishikizo vikibana. Kama zipo mbili, jaribu moja moja.

Na mijusi? Huku kwetu wanaingia ndani. (Msomaji, Unguja)

Wanafuata joto na wadudu. Tazama nyuma ya CPU: palipotolewa kadi huwa pameachwa wazi. Rudisha vibati vyake, au ziba kwa kipande cha wavu wa dirisha. Ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona mjusi amekauka ndani ya pawa saplai, chomoa waya na usijaribu kumtoa kwa bisibisi. Mpelekee fundi abadilishe pawa saplai nzima.