Kamera ya usiku: kagua taa yake kabla ya megapikseli

Mkuu, umeuliza uchukue kamera ya vitaa vinavyoonekana vyekundu usiku au ile ambayo vitaa vyake havionekani kabisa, kwa ua wa nyuma usio na taa. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa Tabora, maana nimeshaliwa hela.

Nina stoo ya asali. Ndoo zilipoanza kupungua nikanunua kamera ya megapikseli 5, muuzaji akanihakikishia "hii inaona gizani". Nikaifunga ukutani ikitazama mlango, pembeni kuna mwembe (Tabora utaukwepea wapi mwembe?). Haikupita wiki, ndoo nyingine ikaondoka. Nafungua rekodi: majani ya mwembe meupe pee kama yamepigwa chokaa, na chini yake kivuli cha mtu amebeba ndoo yangu. Sura hakuna.

Kumbe hizi kamera gizani hazioni chochote. Zinajimulikia zenyewe kwa tochi ya infraredi, mwanga ambao macho yetu hayaupati. Jicho linaishia kwenye nanomita 700 hivi (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), sensa ya kamera, yaani kile kinachopokea mwanga ndani yake, inakwenda mpaka karibu 1,000. Sasa majani mabichi yanaurudisha mwanga huo kwa wingi mno. Kamera inaona weupe mtupu, inabana mwanga, na mtu aliye nyuma ya majani anamezwa na giza. Ukuta mweupe ulio karibu na lenzi unafanya vilevile. Nilikata matawi mawili, nikaisogeza kamera kama hatua tatu, usiku uleule sura za watu zikaanza kusomeka. Sikuongeza hata mia.

Nguo nazo zinadanganya. Kwenye ile rekodi shati la mwizi lilionekana kama jeupe, nikaanza kumtazama vibaya kijana mmoja wa jirani. Baadaye nikajipitisha mwenyewe mbele ya kamera na tisheti yangu nyeusi ya kuchezea mpira. Ikatoka karibu nyeupe! Nikanyamaza kimya. Usimkamate mtu kwa rangi ya nguo ya picha ya usiku.

Sasa swali lako. Vitaa vyenye wekundu hafifu ni vya nanomita 850, visivyoonekana ni 940. Sensa nyingi zinaupokea 850 vizuri zaidi, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya taa, 850 inafika mbali kuliko 940. Kwa ua mrefu chukua 850, na huo wekundu mwizi auone tu, atajua yuko kwenye picha. 940 niliiweka ndani ya stoo, chumba kidogo, na hapo sina lawama nayo. Zile "mita 30" za kwenye boksi zisikupe kiburi: huko mwisho utajua kuna mtu, lakini ni nani, hutajua.

Dukani waombe waiwashe, kisha ifunike uso kwa kiganja. Utasikia "tik": ni kichujio kinachozuia infraredi mchana kinasogea pembeni, na picha inageuka nyeusi na nyeupe. Kama ni 940, vitazame vitaa kwa kamera ya mbele ya simu, mara nyingi utaviona vya zambarau. Jaribu kwanza na rimoti ya tivii ujue kama simu yako inaweza.

Kamera yangu ya pili ilikuwa inazima kila saa moja jioni na kurudi asubuhi. Fundi akabadilisha kamera, wapi! Tatizo lilikuwa adapta dhaifu na waya mwembamba mrefu: vitaa vikiwaka vinadai umeme zaidi, volti 12 hazifiki zote. Nilinunua adapta ya ampea 2 na waya mnene, ikatulia.

Buibui utapambana nao mwenyewe. Utando mmoja mbele ya lenzi unang'aa kama kamba ya katani, kamera inadhani kuna mtu, na simu inakuamsha usiku kucha kwa taarifa zake. Kiangazi ongeza vumbi. Mimi napitisha kitambaa kila Jumamosi.

Huo ua wako una hatua ngapi mpaka ukutani, na kuna mti?