Wembe Ukifungwa Unagusa Mpini: Maswali ya Mafundi

Nimeuvisha wembe wa kukunja mpini mpya wa mpingo wenye vibao viwili. Nikiufunga, makali yanaelemea kibao cha kushoto. Kosa liko wapi?

Anza na wembe wenyewe. Utazame kwa urefu, mgongo ukiwa juu. Kama umepinda, mpini hauna hatia. Kama umenyooka, kagua matundu. Vibao vikitobolewa kimoja kimoja matundu hupishana, pini inayoushika wembe hulala mshazari na wembe huifuata. Ndiyo maana vibao hubandikwa pamoja kwa tepu ya pande mbili, vikachongwa na kutobolewa kwa mara moja, drili ikiwa kwenye stendi: biti ya milimita 1.6 kwa pini ya milimita 1.6. Tundu lililokwenda upande lizibe kwa kijiti cha mpingo na gundi ya epoksi, kisha toboa upya. Pangusa kwanza kwa asetoni, maana mpingo una mafuta na gundi haiushiki vizuri.

Matundu yakiwa sawa, pima unene wa vibao. Kibao kinene hakikubali kupinda, kwa hiyo chembamba ndicho kinachovutwa ndani hadi kukaribia makali. Hapo watu wengi hukimbilia kukwangua kile kinachoguswa, na tatizo linazidi. Punguza kile kinene kwa msasa mpaka vyote viwe karibu milimita 3.

Kabla ya kugonga pini yoyote, funga kila kitu kwa boliti ndogo na nati. Boliti hufunguliwa, pini hukatwa.

Kabari ya mkiani, kile kipande kinachotenganisha vibao mwishoni mwa mpini, iwe na unene gani, na je, nitumie risasi kama nyembe za zamani?

Risasi ni sumu, na vumbi lake ndilo baya zaidi. Pembe au mti unatosha. Shingo ya wembe, pale pini inapopita, ikiwa na unene wa milimita 5, anza na kabari ya milimita 3 upande unaoelekea wembe, ikiteremka hadi 2 mkiani, halafu rekebisha kwa kujaribu. Kabari nene kama shingo haivipi vibao mkazo, na wembe hulegea. Nyembamba kupita kiasi huvikutanisha vibao katikati, vikagusa ubapa.

Kila nikigonga kichwa cha pini, mpini unapasuka.

Bila shaka umeacha pini ndefu. Itokeze milimita 1 tu juu ya wosha, kile kipete bapa kinachokaa chini ya kichwa cha pini. Ikizidi hapo, hupindia ndani ya tundu na kuusukuma mti badala ya kutuna kichwa. Funika makali kwa tepu, weka kichwa cha chini juu ya chuma kigumu, tumia nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Iache ianguke kwa uzito wake, ukizunguka ukingo wa pini, na ugeuze upande mara kwa mara. Malizia pini ya kabari kwanza. Kwenye pini ya shingo, fungua na ufunge wembe kila baada ya kugonga kidogo, na uache mara tu unapohisi ukinzani mwepesi. Ukipitiliza, dawa ni kukisaga kichwa kwa tupa, kuitoa pini na kuanza na nyingine.