Nimkumbukeje baba, mwanajeshi wa anga, bila kusema uongo?

“Shangazi, baba yetu alifariki mwaka jana baada ya kulitumikia jeshi la anga kwa miaka 27 akiwa fundi wa injini za ndege. Familia imenipa kazi ya kuandika wasifu wake na kuusoma siku ya kumbukumbu. Kaka yangu anataka vyeo na nishani tu. Mimi namkumbuka mtu ambaye hakuwepo nilipozaliwa wala nilipohitimu, na ambaye alipokuwapo alikagua breki za baiskeli yangu mara mbili kila asubuhi bila kutamka neno la upendo. Nikisema ukweli, nitakuwa nimemvunjia heshima? – Binti Mkubwa”

Mwanangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa kazi hii uliyokabidhiwa ukiwa bado na majonzi.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nimesimama kwenye ile baiskeli. Kabla ndege ya kijeshi haijaruka, fundi aliyeihudumia huandika alichokifanya na kutia sahihi, na kazi nyeti hukaguliwa tena na mtu wa pili, kwa sababu rubani akishafika juu hawezi kuegesha pembeni ili atazame kilicholegea. Kwa miaka 27 baba yako aliweka jina lake chini ya ahadi kwamba watu wengine wangerudi kwa watoto wao. Naamini kwamba mtu wa kazi hiyo anapokagua breki za mwanawe mara mbili, amekwisha kulisema neno ulilokuwa ukilisubiri, ila amelisema kwa namna aliyoizoea.

Sisemi hivyo ili kulifuta pengo lako. “Hakuwepo nilipozaliwa” ni ukweli, na una haki ya kuutamka mbele ya watu. “Hakutujali” ni hukumu, na barua yako yenyewe haiithibitishi. Eleza pia ni nani aliyeziba nafasi yake: mama aliyebaki na watoto kila alipotumwa mbali, na ninyi mliojifunza kungoja. Huo nao ulikuwa utumishi, japo ninyi hamkuvaa sare.

Kaka yako naye hajakosea, bali orodha yake pekee haitoshi, hasa kwa fundi. Ndege zilipoilisha Berlin Magharibi, nchini Ujerumani, mwaka 1948 na 1949 baada ya Wasovieti kuifungia njia za nchi kavu, zaidi ya tani milioni 2 za chakula, makaa ya mawe na mahitaji mengine zilifikishwa kwa safari zaidi ya 270,000. Wanaotajwa zaidi ni marubani na majenerali, ilhali hakuna ndege hata moja ambayo ingeruka bila mikono ya mafundi. Basi kaka asome vyeo na nishani, na kwa kila nishani aseme ilitolewa kwa kazi gani.

Kusanyeni nyaraka zake sasa, yaani vyeti vya mafunzo, barua za uhamisho na hati ya kustaafu, kisha mtoe nakala na kuzitunza mahali tofauti. Nchini Marekani, moto uliozuka kwenye jengo la kutunzia nyaraka za wanajeshi huko St. Louis tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18 ya waliotumikia jeshi la nchi kavu na la anga, na nakala hazikuwapo. Watafuteni pia wenzake waliofanya naye kazi usiku kwenye hanga, yaani banda la ndege. Yapo ambayo kiapo hakitawaruhusu kuyasema, lakini wanaweza kuwaambia alikuwa mtu wa namna gani pale injini ilipogoma na rubani anasubiri.

Anza wasifu wako na baiskeli. Ukimaliza kuuandika, msomee mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Akikuambia kwamba sentensi fulani inamuumiza, mwulize kwa upole kama inamuumiza kwa sababu si kweli au kwa sababu ni kweli. Kama si kweli, ifute. Kama ni kweli, kaeni wawili mzungumze kabla hujaamua kuisoma.