Barua kwa mwanangu: picha ya ukutani inapotaka kuwa nguo

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata na salamu zako zimefika kwa wote. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna kazi tatu. Rafiki yako mwimbaji anatoa albamu. Anataka umshonee gauni la jukwaani, umsaidie kupanga jalada, na vyote viwe "kama Tingatinga". Unauliza uanzie wapi, watu wasije wakasema umechukua picha ya mtu ukaibandika juu ya kitambaa.

Anza na kanuni ya picha. Mnyama aliyechorwa mwache kwanza.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Ni miaka minne tu, lakini njia yake imebaki. Alichora kwenye vipande vya mraba vya ubao mwembamba uliobanwa, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo si rahisi kuififisha polepole kama rangi za maji, ndiyo maana kila eneo limejaa rangi moja iliyokolea na linaishia kwenye mstari. Mnyama ni mmoja au wawili, amejaza ubao karibu wote. Nyuma yake ni rangi tupu, na mwilini ana madoa au mistari inayorudiarudia. Hebu hesabu: rangi nne au tano, mstari wa kuzunguka umbo, madoa, mandhari tupu. Hizo ndizo kanuni. Ukizishika, hata gauni lisilo na twiga wala tembo litatambulika kuwa ni mtoto wa picha zile. Ukiziacha, unaweza kuchapa tembo kumi na gauni likabaki kama fulana ya kuuzia watalii.

Nenda ukazione picha zenyewe kwenye ushirika wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oyster Bay, maana simu hubadilisha rangi. Keti mbele ya picha moja dakika ishirini ukiwa na daftari na rula. Andika rangi ngapi zimetumika, ipi imechukua nafasi kubwa, mstari una upana gani ukilinganisha na umbo, na doa moja liko mbali kiasi gani na jingine. Picha moja iliyopimwa itakufaa kuliko mia ulizozipitisha kwa kidole.

Sasa gauni. Mfano bora wa kujifunza ni wa mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent, Paris, mwaka 1965. Alishona magauni yaliyotokana na michoro ya mchoraji Mholanzi Piet Mondrian, ile yenye mistari myeusi na miraba ya nyekundu, buluu, njano na nyeupe. Wengi hudhani alichapa picha juu ya kitambaa. Hakuchapa. Kila eneo la rangi lilikuwa kipande chake cha sufu ya kufuma, na vipande vikaunganishwa kwa mshono. Mwili wa mwanamke una kifua na kiuno, lakini gauni linaonekana bapa kama ubao, kwa sababu upunguzaji wote wa kitambaa aliuficha ndani ya mishono ya ile mistari. Ndiyo siri ninayotaka uichukue: mstari wa picha uwe mshono wa nguo.

Katika Tingatinga mstari umepinda, nawe una bahati, maana hata mwili umepinda. Shingo ya twiga inayopanda kutoka nyonga hadi begani inaweza kuwa ule mshono wa mbele unaopita juu ya kifua. Mgongo wa ndege unaweza kuwa mshono wa nyuma. Vipande utakuwa na sita: cha katikati mbele, cha katikati nyuma, na viwili kila ubavu. Mishono ni sita pia: miwili mbele, miwili nyuma, miwili ubavuni. Tuseme kifua ni sentimita 92 na kiuno 74. Tofauti ni 18. Mishono sita ina kingo kumi na mbili, kwa hiyo kwenye usawa wa kiuno kila ukingo unaupunguza sentimita moja na nusu, ukipindisha taratibu bila kona. Nguo itabana vizuri na hakuna atakayeona mkunjo wowote wa kubania kiuno.

Mstari mweusi uweke kwenye mishono minne ya mbele na nyuma, wa ubavuni uache. Ukitaka uonekane wenye upana wa sentimita mbili na nusu, kata ukanda wa sentimita nne na nusu, maana kila upande unahitaji sentimita moja ya kushonea. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: kanda nne za sentimita mbili na nusu zinaongeza sentimita kumi kwenye mzunguko wa gauni. Kabla ya kukata vipande vya rangi, punguza sentimita moja na robo kwenye kila ukingo utakaopokea ukanda, mbali na ile moja na nusu ya kiuno. Usipofanya hivyo gauni litamwogelea, nawe utaanza kulibana ubavuni hadi picha yote ipotoke.

Kanda zikate kwa mshazari. Ukanda uliokatwa kwa kufuata uzi ulionyooka haukubali kupinda. Utajikunja kwenye kifua, na pasi haitausaidia.

Kwa weusi utafikiria kaniki, na mimi naipenda, lakini kaniki huchuja rangi. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu, isuuze hadi maji yatoke safi, kisha ijaribu: weka kipande kilicholowa juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto, tazama. Ikiacha doa, rudia au tafuta pamba nyeusi nyingine. Jasho la mwimbaji chini ya taa ni maji na chumvi tosha. Doa jeusi kwenye njano halitoki. Vitambaa vyote vifue na vikaushe kabla ya kukata, kila kimoja. Pamba mbili tofauti hurudi kwa viwango tofauti, na ukiziunganisha bila kuzifua, siku ya kwanza ya kufuliwa mishono itafinyana kama uso wa mtu aliyelamba limau.

Mwimbaji apimwe akiwa amevuta pumzi hadi mwisho, kiunoni na kwenye mbavu za chini, kisha ongeza sentimita nne. Ukimpima amesimama kimya kama mtu wa kupigwa picha ya pasipoti, noti ndefu ya kwanza itapasua zipu. Kwanza mshonee sampuli ya marikani, ile pamba isiyopaushwa. Chora mistari juu yake kwa kalamu nene, mwambie ainue mikono yote miwili, akae, ainame. Kama mstari wa shingo ya twiga unavunjika akiinua mkono, uhamishie ndani sentimita mbili kutoka kwapani.

Kuhusu madoa, fikiria umbali. Jicho zuri huanza kupoteza kitu chenye ukubwa wa milimita sita mtu akiwa mita ishirini, basi doa la milimita nne lililopendeza ubaoni litakuwa ukungu tu kwa watu wa nyuma. Fanya madoa ya sentimita tatu, na nafasi kati yake isipungue sentimita mbili. Mistari myembamba iliyosongamana nayo iepuke, kwa sababu kamera huifanya icheze na kumetameta kwenye video. Nyeupe ya theluji chini ya taa kali hung'aa mno kwenye kamera ikapoteza umbo. Tumia rangi ya maziwa au marikani yenyewe.

Madoa hayo usiyapake kwa rangi ya mafuta ya kopo, hata kama ndiyo aliyoitumia Tingatinga. Ile inataka ubao mgumu. Kwenye kitambaa hukakamaa, na ukikunja gauni mara tatu hupasuka. Chapa kwa skrini, yaani fremu yenye wavu unaopitisha rangi penye umbo tu, kwa rangi ya maji ya vitambaa. Kwa maumbo makubwa juu ya pamba, chukua wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita. Kitambaa kiwe kimefuliwa kuondoa uwanga wa kiwandani, maana rangi hushika uwanga badala ya uzi, na uwanga ukitoka rangi hutoka nao. Kokota mpira wa kusukumia rangi mara mbili kwa nguvu ile ile, mkono usisite katikati. Ikikauka kabisa, piga pasi ya joto la pamba upande wa nyuma dakika tatu hadi tano kila sehemu, bila mvuke, ukiisogeza isiunguze. Rangi ya njano juu ya kitambaa cha buluu itageuka kijani au itazama. Juu ya kitambaa cheusi haitaonekana kabisa, labda ununue ile nzito isiyopitisha mwanga. Chapa kabla ya kushona, vipande vikiwa bapa mezani. Mshono ukiwa chini ya skrini huacha mstari mtupu pembeni mwake.

Tukija kwenye jalada, ndugu wa karibu wa gauni hili ni lile la kundi la muziki la The Velvet Underground la mwaka 1967, lenye ndizi ya msanii Andy Warhol. Kwenye nakala za mwanzo ganda la ndizi lilikuwa karatasi ya kunata. Ukiibandua, chini yake unakuta ndizi iliyomenywa, ya waridi. Kutengeneza hivyo kulidai mashine maalumu. Angalia uchache wake: kitu kimoja, uwanja mweupe, jina la msanii wa picha. Ni kanuni ile ile ya mnyama mmoja juu ya rangi tupu.

Leo jalada huonwa kwanza likiwa dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Litengeneze mraba wa pikseli 3000 kwa 3000, kisha lipunguze kwenye simu hadi liwe na upana wa sentimita moja, ulitazame ukiwa umenyoosha mkono. Kama umbo halitambuliki, ondoa vitu, usiongeze. Jina la albamu likishindwa kusomeka hapo si kosa, kwa kuwa huandikwa tena chini yake. Umbo likishindwa, ndilo kosa.

Nakuomba pia uifikirie kanga, kwa sababu tayari inaonyesha njia ya kurudi, kutoka nguo hadi picha. Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akakulia Uingereza kwa mama aliyekuwa mbunifu wa vitambaa, na mwaka 2017 akapata Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza. Amechora kazi zinazofuata mpango wa kanga: pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno. Hakuhitaji kuiga kanga fulani ya dukani. Alichukua mpango, akaujaza maneno na maumbo yake. Kwa jalada la mwimbaji mpango huu unafaa sana, sababu maneno yana mahali pake tangu zamani. Pindo liwe la madoa, mji uwe mnyama mmoja, na jina liwe mstari mmoja kutoka wimbo wake mwenyewe. Gauni ni habari nyingine. Kanga ukiikata vipande sita, jina linakatika na pindo linapotea, ukabaki na kitambaa tu.

Na haki. Mtindo hauna mwenyewe, lakini picha ina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001 zinamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mchoraji aliye hai pale Morogoro Stores, ukitaka ndege wake hasa, alama kwa alama, muombe na umlipe. Kampuni ya mitindo ya Louis Vuitton walipoyataka madoa ya msanii Mjapani Yayoi Kusama mwaka 2012, walifanya kazi naye, na wakarudi kwake tena 2023. Ninyi andikianeni karatasi moja: picha ipi, gauni moja au mangapi, jalada limo au halimo, fulana za kuuza zimo au hazimo, kwa muda gani, na jina lake litaandikwa wapi. Fulana ndizo huleta ugomvi, kwa kuwa hazikuwa kwenye mazungumzo ya mwanzo na ndizo zinazoingiza fedha.

Kwa kuanza nunua marikani mita tatu, pamba za rangi nne mita moja na robo kila moja, na nyeusi mita moja na nusu. Usikate rangi kabla sijaiona sampuli. Nitumie vipimo vyake: kifua, chini ya kifua, kiuno akiwa amevuta pumzi, nyonga, bega hadi kiuno mbele na nyuma, na picha mbili za marikani akiwa ameinua mikono, moja ya mbele na moja ya ubavuni.

Mama yako